Kokoro la Kaka Yangu

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alinibeba mgongoni kwenda shule mvua zilipofurisha kijito, na tata, baba yetu, alipofariki, yeye ndiye aliyesimama mlangoni na kuwaambia wakubwa wa ukoo kwamba mimi na mama hatuhami kwenye kibanja alichotuachia. Naanza na hayo ili asije mtu akadhani nilimkatalia samaki wake kwa sababu simpendi. Nampenda. Nilimkatalia hivyo hivyo.

Mwalo wetu uko upande wa Muleba. Kibanja cha mama kinaanzia juu, karibu na kanisa, kinashuka na migomba na mikahawa mpaka kwenye bonde dogo la mafunjo. Ukilivuka bonde unakanyaga mchanga, na hapo ndipo mitumbwi inapoegeshwa. Mama alikuwa mbanikaji wa samaki, na mimi nikawa mbanikaji. Tulinunua sato na sangara kwa wavuvi asubuhi, tukawapasua, tukawapanga juu ya chanja la waya kwenye banda la moshi, na walipoiva nikawapeleka Bukoba mjini, nikawauzia watu wa Kashai. Nilipanga chumba huko kwa ajili ya biashara, lakini siku nyingi za wiki nilikuwa mwaloni.

Kaka alikuwa na kokoro. Kwa asiyelijua, kokoro ni wavu mrefu wenye matundu madogo sana. Mtumbwi unauzungusha majini kama mtu anayetandika mkeka, kisha wanaume wanashika kamba za pande mbili na kuuvuta mpaka ufukweni, wakiburuza chini kabisa, kwenye matete ambako samaki wanatagia. Hauachi kitu. Sheria inaukataza. Kila mtu mwaloni alijua unakatazwa, na kila mtu alikula samaki wake.

Nami nilikula. Sitajifanya nilizaliwa nikiwa mlinzi wa ziwa. Kilichonifungua macho ni chanja langu. Asubuhi moja nilikuwa nageuza samaki, nikaona wanapungua. Nikadhani paka. Nikainama kuangalia, nikawakuta motoni: walikuwa wadogo kiasi kwamba walikuwa wanapita kwenye matundu ya waya na kudondokea makaa. Jirani yangu wa banda la pili, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, akacheka, akasema, "Wa kwangu vilevile. Mimi nimeshatandika waya mwingine juu yake, ule wa madirisha, wa kuzuia mbu."

Nikaenda kuona. Kweli, alikuwa anabanika sato juu ya waya wa mbu.

Nilirudi bandani kwangu nikakaa. Nikiwa msichana, sato mmoja alijaza sahani, mkia ukaning'inia nje. Bibi yetu aliwaita engege, na mgeni wa heshima alipewa kichwa. Sasa nilikuwa nahesabika kuwa mfanyabiashara wa samaki, na samaki wangu walikuwa wanahitaji chandarua.

Kuanzia siku ile nikawa natazama vizuri kokoro likifika mchangani. Sato jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni. Wavu ulipobanwa, majike yalikuwa yanatapika watoto, vitone vyeusi vyenye macho, vikirukaruka kwenye mchanga, na wavutaji wakavikanyaga bila kujua wanakanyaga nini. Kaka yangu alikuwa katikati yao, maji mpaka kiunoni, akipiga kelele za kuwatia watu nguvu. Alikuwa anafurahi. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa anafanya kazi kwa bidii na kwa furaha.

Usifikiri hakukuwa na serikali. Bwana samaki wa eneo letu alikuwa kijana mpole aliyekuja na pikipiki iliyochoka. Alikusanya watu, akaeleza, na mara nyingine alikuja na askari, makokoro yakachomwa moto mbele yetu. Moshi mweusi, harufu ya plastiki, wazee wakasikitika. Wiki chache baadaye kokoro jingine lilikuwa majini. Alipokuwa anakuja, kuna mtu alikuwa anapiga simu kabla hajafika. Nilimuuliza siku moja, "Bwana samaki, hili utalimaliza lini?" Akaniangalia, akasema, "Mama, mimi nachoma nyavu. Wanaonunua samaki ni ninyi."

Nilimkasirikia sana. Nilipanda mteremko nikimsema moyoni, kwamba ana mshahara, kwamba hajui njaa. Nilipofika juu nilikuwa nimeshajua kwamba alisema kweli.

Niliongea kwanza na jirani wa waya wa mbu. Yeye akaongea na wengine. Jumapili moja baada ya ibada tukabaki nyuma ya kanisa, wabanikaji na wachuuzi wote wa mwalo, tukakaa kwenye nyasi na kanga zetu za kanisani. Nikasema jambo langu kwa ufupi kwa sababu nilikuwa naogopa: tusinunue tena samaki wa kokoro. Tununue wa ndoana na wa nyavu za matundu makubwa, na wakikosekana, tukose.

Ilizuka zogo. Mmoja, mjane mwenye watoto wengi, akasimama. "Wewe una chumba Kashai," akaniambia. "Sisi tuna nini? Watoto wangu watakula maneno yako?"

"Wanakula nini sasa?" nikamuuliza.

"Wanakula hao hao wadogo."

"Na mwaka ujao?"

Alikaa chini, akavuta kanga yake mabegani. Yule jirani yangu akasema kwa sauti yake kubwa, "Waitu, ndugu zangu, mimi nimechoka kubanika vitoto. Mtu akiniuliza nauza nini, naona aibu kusema samaki." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichotufanya tukubaliane. Kisha mtu mmoja akauliza kwa upole swali ambalo wote walikuwa nalo: "Na kaka yako?"

Nikasema nitaanza naye.

Kokoro lilivutwa kesho yake jua likiwa limeshapanda. Kwa kawaida tungekuwa tumeshasogea na mabeseni, tukisukumana. Siku ile tulikaa kwenye magogo mbele ya mabanda yetu, mabeseni yamefunikwa chini. Wavutaji walimaliza, wakakunjua wavu, wakasubiri. Hakuna aliyesogea. Kaka akatutazama, akadhani tunatania.

"Vipi leo, mmefiwa?"

Nikainuka. "Hatununui," nikasema.

"Hamnunui nini?"

"Samaki wa kokoro. Leo wala kesho."

Alicheka kidogo, akawatazama wenzake, akacheka tena. Kisha akachota samaki kwa mikono miwili akaja nao mpaka nilipo. Walikuwa bado wanatweta. "Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, ya nyumbani, "usinifanyie hivi mbele za watu."

"Nimekufanyia nini? Ni samaki wako. Kula."

Akawaachia wakaanguka miguuni pangu. "Nani alikulisha wewe?" akapaza sauti, sasa kwa Kihaya, ili wazee nao wasikie vizuri. "Tata alipokufa, nani alikulisha?"

"Wewe," nikasema. "Ulinilisha samaki wakubwa."

Nilidhani atanipiga. Mkono uliinuka, nikauona, na yule jirani yangu akainuka nyuma yangu, na mjane akainuka, na wengine wakafuata, bila kelele. Mkono ukashuka. Akageuka, akarudi kwenye wavu wake, na samaki wale wakabaki kwenye mchanga mpaka wakaanza kuvutia nzi. Jioni korongo walikuwa wamejaa ufukweni kama wamealikwa harusini.

Si kwamba kokoro lilikufa siku ile. Wachuuzi wa mwalo mwingine walisikia kwamba kwetu kuna samaki wa bei ya bure, wakaja na gari dogo, wakanunua. Tukaenda kuwakabili barabarani. Tuliwaambia wakinunua samaki wa kokoro kwetu, sisi tutawataja kwa wateja wao mjini, na mimi nilikuwa nawajua wateja wa Kashai mmoja mmoja. Walitutukana, lakini gari halikurudi. Mmoja wetu alivunja ahadi, akanunua kwa kificho ndoo moja kwa sababu mkwe wake alikuwa anaumwa na nyumba haikuwa na mboga. Kuna waliotaka kumfukuza. Tulikataa. Tulimpa sangara mmoja wa ndoana tuliyekuwa naye, na hakununua tena.

Kisha banda langu likavunjwa. Nilikuwa kanisani. Nilirudi nikakuta nguzo zimelala, waya wa chanja umekunjwakunjwa, tanuri la udongo limepigwa kwa kitu kizito. Sikuona aliyefanya hivyo na sitamtaja mtu. Kaka alikuja, akazunguka kifusi mara moja, mikono mfukoni.

"Si mimi," akasema.

"Najua."

"Lakini uliyataka."

"Hilo silijui."

Mama alituita wote wawili jioni ile, kabla ya chakula. Alikuwa amekaa jikoni akimenya ndizi, hakuinua uso. "Nyinyi mlinyonya ziwa moja," akasema.

"Na sasa hivi tunanyonya ziwa moja, mama," nikamwambia. "Yeye analing'ata."

Kisu kikasimama. Nilifikiri nimevuka mpaka. Lakini niliona mabega yake yanatikisika, na nikagundua mama anacheka na hataki kaka amwone. Kaka aliona. Akatoka nje bila kuaga, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakula tena nyumbani kwa mama nikiwepo.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Wavuvi wa ndoana walikuwa wachache, na tulichopata tuligawana vipandevipande. Baadhi ya waume walianza kulalamika. Ndipo bwana samaki, yule niliyemkasirikia, akaja bila askari, akashuka bondeni na gumboti zake, akachimba kidogo kwa jembe, akafinyanga udongo mkononi ukawa mpira usiopasuka. Akasema bonde la mama lingeshika maji. Tungeweza kuchimba bwawa na kufuga sato.

Baba mdogo, anayehesabika mkuu wa ukoo wetu, alipandwa na hasira. Alikuja na fimbo yake akasimama ukingoni mwa kibanja. "Mwanamke hachimbi shimo kwenye ardhi ya ukoo," akasema.

Mama akamjibu kwa heshima zote, amepiga magoti kama alivyofundishwa, "Ni kweli, waitu. Basi njoo uchimbe wewe."

Hakuja. Tulichimba wenyewe, kwa majembe na makarai, tukiimba nyimbo za kwaya kwa sababu ndizo tulizokuwa tunajua wote. Mafunjo yana mizizi inayoshikana kama nywele zilizosokotwa. Unakata hapa, yanakushika pale. Tulitoka tukiwa weusi mpaka shingoni. Watu walikuwa wanashuka bondeni kututazama na kutuuliza kama tunamchimbia nani kaburi kubwa hivyo. Yule mjane aliyenibishia nyuma ya kanisa ndiye aliyekuwa akiwajibu, na majibu yake siwezi kuyaandika hapa.

Tuliweka vifaranga wa sato tuliowapata kwa mfugaji wa Nyanga, tukawalisha pumba na majani, tukasubiri. Fisi maji alikuja tukamfukuza, ndege mdiria tukamvumilia. Siku ya kuvua ya kwanza tulialika watu. Tukavuta wavu, na wavu ulikuwa mzito, tukapiga vigelegele. Kisha tukaangalia ndani. Bwawa zima lilikuwa limejaa samaki wa urefu wa kidole.

Bwana samaki akakuna kichwa, akaeleza kwamba tuliweka majike na madume pamoja, wakazaliana kupita kiasi, na chakula hakikuwatosha kukua. Alikuwa ametuambia mwanzoni tutafute madume peke yake, nasi tukaona ni mbwembwe za kisomi. Jirani yangu mwenye sauti akamtazama mmoja wa wale samaki kwenye kiganja chake. "Tumewakataa ziwani," akasema, "tukaja kuwazaa wenyewe."

Kaka alikuwepo. Alikuwa amesimama kati ya migomba na watu wake, na kicheko chake nilikitambua bila kugeuka. Siku ile nililia, lakini nililia nikiwa nafungulia maji ya bwawa yatoke, maana tulikubaliana palepale kwamba tunaanza upya. Tulikausha, tukatawanya chokaa, tukaweka samadi ya ng'ombe, tukajaza maji tena. Mara ya pili vifaranga walikuja kwa basi kutoka kwenye kituo cha kuzalishia, madume watupu, kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Niliwapakata mapajani njia nzima, na kondakta aliponiambia niweke mzigo juu ya gari nikamuuliza kama mtoto wake huwa anamfunga juu ya gari.

Hao walikua. Si kama wale wa bibi, lakini walijaza kiganja na kuvuka. Niliwapeleka Kashai wakiwa wabichi, kwenye ndoo, nyuma ya bodaboda. Mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, alikunja pua. "Samaki wa bwawa ananuka tope."

"Nusa."

Akanusa. Tulikuwa tumewaacha bila kula, kwenye maji safi yanayopita, kabla ya kuwatoa. Akanusa tena, akachukua, na hakunipa sifa hata moja. Alirudi wiki iliyofuata akiwa na dada yake. Baadaye kuna wakulima walipanda kutoka Ngenge kuja kuliona bwawa, wanaume kwa wanawake, wakauliza maswali mpaka mama akaagiza wapikiwe ndizi.

Bwawa halikuchukua nafasi ya ziwa, na sikutaka lichukue. Wapo wanaoniambia siku hizi, "Ninyi mna bwawa, achaneni na ziwa." Nawakatalia. Bwawa la mama haliwezi kulisha Muleba, sembuse Bukoba. Lilitupa kitu kimoja tu: liliondoa tisho la njaa lililokuwa limeshikwa juu ya vichwa vyetu. Mtu ambaye ana kitoweo nyumbani anaweza kumwambia mwenye kokoro hapana, na akamaanisha.

Kokoro la kaka lilibaki ufukweni siku nyingi, limerundikwa, nyasi zikaota katikati ya matundu. Wavutaji wake waliondoka mmoja mmoja. Alipokuja kwenye mkutano ambapo wavuvi na sisi tulikubaliana kusimika miti kuzunguka matete, pasivuliwe kabisa maana ni mazalia ya samaki, alisimama nyuma. Mwenyekiti alipomwomba neno, akasema, "Msidhani nimekubali. Nimekosa wanunuzi, basi." Kisha, siku ya kusimika, akaupiga nyundo mti wa kwanza, kwa sababu ndiye mwenye nguvu kuliko wote na hakuweza kuvumilia kutazama wengine wakiupiga upande.

Sasa anavua sangara mbali, na mwenzake, kwa nyavu za matundu makubwa. Kwenye matete ndani ya miti, maji yakitulia, unaona vivuli vya sato vikiwa vimesimama juu ya viota vyao. Ni wengi kuliko zamani za karibuni. Kuliko za bibi, hapana. Siku nyingine kaka ananiletea samaki kwenye banda nililolijenga upya. Tunabishana bei kama watu wasiojuana, ananiita mchoyo, namwita mwizi. Hajaniomba msamaha, nami sijamwomba. Siku ya Pasaka alikula kwa mama, nikiwepo.

Wiki iliyopita kokoro jipya lilionekana, la watu wasio wa kwetu, upande wa pili wa miti. Wamesema wana mkubwa wao mjini na hatutawafanya kitu. Jirani yangu alinipigia simu nikiwa Kashai napanga ndoo. Sikumuuliza wako wangapi. Nilimpa mteja samaki wake, nikafunga kanga, nikaita bodaboda mpaka stendi. Nilipofika mwaloni wanawake walikuwa wameshakaa kwenye magogo, mabeseni yamefunikwa chini, na wale wageni walikuwa wamesimama na samaki wao wadogo kwenye jua, wakituuliza kuna nini. Mjane alinisogezea nafasi, nikakaa.